Maji yakianza kuchemka: ninavyoishi na baipola hapa Uyole

Kwangu ugonjwa hubisha hodi kwa kuninyima usingizi. Mara ya kwanza nililala masaa mawili kwa usiku karibu wiki nzima, na uchovu sikuuona. Saa tisa usiku nilikuwa nafagia uwanja kwenye baridi ya Uyole bila hata khanga begani. Nikachukua ada ya watoto nikanunua lumbesa za viazi ambazo sikuwa na pa kuziweka, zikaoza. Mwezi uliofuata hata kuoga kulinishinda. Majirani wakasema nimerogwa.

Sikurogwa. Baipola ni ugonjwa wa akili: mtu hupanda, yaani nguvu na mawazo humzidi, kwa siku kadhaa au zaidi, hushuka, yaani huzuni na uchovu humlemea, kwa wiki 2 au zaidi, na katikati anaweza kuwa mzima kabisa. Uzima huo ndio unaowafanya wengi waache dawa. Tafadhali usiache. Mimi natumia lithiamu, napimwa damu kila ninapoitwa, nakunywa maji ya kutosha. Mgongo ukiuma baada ya kupakia viazi sinunui diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuzidisha lithiamu mwilini hadi iwe sumu. Namwambia muuza dawa ninachotumia, naomba parasetamoli.

Zoezi langu la alfajiri halichukui nafasi ya dawa. Linanisaidia kujiona mapema.

Alfajiri, kabla ya sokoni, kaa kwenye kigoda na kikombe cha chai. Kizungushie viganja, usikie joto lake. Sikia hewa ikiingia puani baridi na kutoka vuguvugu. Usiilazimishe. Akili itakimbilia deni la mbolea. Itakimbia tu, ndiyo kawaida yake. Sema kimoyomoyo "hilo ni wazo", kisha rudi kwenye pumzi. Dakika tano zinatosha. Halafu jiulize: nimelala masaa mangapi? Maneno yananikimbia? Kuna mtu ananikera bila sababu? Andika kwenye daftari la shule, pamoja na namba ya hali yako kutoka 1 (umeshuka kabisa) hadi 10 (umepanda kabisa). Yangu ya kawaida ni 5. Nikiandika 7 na usingizi umepungua usiku mbili mfululizo, sisubiri wa tatu: napiga simu kliniki.

Ukishapanda, usikae umefumba macho muda mrefu. Mimi mawazo huzidi kasi. Osha vyombo taratibu ukisikia maji mikononi, zima redio, ingia kitandani mapema hata kama usingizi hauji. Ukishuka, fanya kimoja tu: kunawa uso, au kutoka ukaote jua mlangoni. Likija wazo la kujiua, usibaki peke yako hata kidogo. Mwambie mtu na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Tafuta pia mtu mmoja wa kukuambia ukweli, na mpatane ukiwa mzima, maana ukipanda humsikii mtu. Mimi nilipatana na wifi yangu. Msimu uliopita alinikuta napigia mahesabu shamba la pili, akakaa karibu yangu, akasema polepole, "Wifi, maji yanachemka." Nilikasirika. Kisha nikafungua daftari: 7, masaa matatu, 8, masaa mawili. Nikampa simu yenye hela zote, na kesho yake akanisindikiza kliniki.