Kuunda Land Cruiser ya utalii ya rimoti kwa matofali ya plastiki

Aliye Arusha hahitaji kutafuta mbali gari la kuiga. Land Cruiser za watalii zinapita kutwa nzima, zina kerea juu na paa la kunyanyua, na umbo lake la boksi linakubali vizuri matofali ya LEGO Technic (aina ya LEGO yenye matundu, gia na mota) na yale ya Kichina yanayoingiliana nayo. Wengi huanza na bodi kwa kuwa ndiyo inayopendeza macho. Usifanye hivyo. Gari la aina hii hufa au hupona kwenye chesisi, hasa pale gia mbili zinapokutana, na bodi nzuri haitaliokoa.

Vipimo vianze na tairi

Tairi huwezi kulikata wala kulirefusha, kwa hiyo ndilo linaloamua ukubwa wa gari zima. Chukua tairi la Technic lenye kipenyo cha milimita 62.4. Tairi halisi la 7.50R16, linalofungwa sana kwenye magari haya, lina kipenyo cha takriban milimita 805. Gawanya, utapata uwiano wa karibu 1 kwa 12.9. Land Cruiser ya modeli ya 78 ina milimita 2,980 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukigawanya kwa 12.9 unapata milimita 231. Matundu ya Technic yamepangwa kila milimita 8, hivyo hayo ni matundu 29. Kama unaiga ile iliyorefushwa, ongeza matundu 4 hadi 6 katikati.

Upana uwe matundu 17. Namba iwe witiri, maana ndipo unapopata tundu la katikati kabisa, na humo ndimo propela shafti (ekseli ndefu inayopeleka mzunguko wa mota kwenye matairi) na difu (gia inayoruhusu tairi la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona) vinapokaa. Ukijenga kwa upana wa 16 utahangaika na nusu tundu mpaka mwisho.

Mota na umeme

Vifaa vinavyopatikana kwa mkono wa pili ni vingi vya Power Functions, mfumo wa LEGO uliotoka mwaka 2007. Utahitaji mota moja ya XL ya kusukuma, mota moja ya servo ya usukani (inayogeuka hadi pembe fulani na kusimama), risiva (inayopokea amri za rimoti), rimoti, na boksi la betri 6 za AA. Mfumo uliofuata una Technic Hub, ambayo huongozwa kwa simu kupitia Bluetooth na kutumia mota zake zenye plagi tofauti. Usichanganye mifumo hiyo miwili kwenye gari moja.

Tofauti kubwa ya mifumo hiyo utaiona ukitoka nje. Rimoti ya Power Functions hutumia miale ya infraredi, na jua la mchana la Moshi huizidi nguvu: ndani ya nyumba itashika kwa mita kadhaa, uwanjani saa saba mchana inaweza isishike kabisa. Cheza kwenye kivuli au jioni, na weka risiva juu kwenye kerea, kikofia chake cheusi kikiwa wazi pande zote. Ikifichwa ndani ya bodi, gari likikupa mgongo tu linasimama. Hub ya Bluetooth haina shida hiyo, unaweza kuizika chini ya viti.

Betri za bei nafuu za kaboni ndizo chanzo cha magonjwa mengi ambayo watu huilaumu mota. Mota inapoanza kuvuta, volti zinaporomoka, risiva inazimika, kisha inawaka tena, na gari linakwenda kwa kushtukashtuka. Tumia alkali au za kuchaji za NiMH. Za kuchaji zina volti 1.2 kila moja, jumla 7.2 badala ya 9, hivyo gari litakuwa na kasi pungufu kwa karibu tano moja, lakini nguvu yake haitetereki.

Gia: hapa usiwe na haraka

Gia za Technic zina kanuni rahisi: kipenyo cha kazi kwa milimita ni sawa na idadi ya meno. Gia ya meno 8 na ya 24 zinakutana vizuri ekseli zake zikiwa umbali wa (8+24)/2, yaani milimita 16, matundu mawili. Ya 12 na ya 20 pia matundu mawili. Ya 8 na ya 40, au mbili za 24, matundu matatu. Kabla ya kupachika gia yoyote sambamba na nyingine, piga hesabu hiyo. Isipotoa namba kamili ya matundu, badilisha gia. Usipindishe pau (vile vipande virefu vyenye matundu vinavyojenga fremu) ili zikutane.

Mota ya XL ikiwa haina mzigo huzunguka kama mara 220 kwa dakika. Difu yenye meno 28 ikisukumwa na gia ya meno 20, unagawanya kwa 1.4, tairi linazunguka mara 157. Mzingo wa tairi ni milimita 196, kwa hiyo gari litakwenda kama nusu mita kwa sekunde. Ukiweka gia ya meno 12 unagawanya kwa 2.33, kasi inashuka hadi sentimita 31 kwa sekunde, ila nguvu ya kupanda inaongezeka. Kwa sakafu ya baraza chukua 20. Kwa njia za mtaani zenye mawe na makorongo chukua 12, bila kusita. Hizo ni hesabu za mota isiyo na mzigo. Gari likishabeba betri na bodi, toa robo au zaidi.

Sasa sehemu inayoharibu magari mengi. Gia mbili za pembe zinazokutana kwa nyuzi 90 zinasukumana ili zitengane. Kama kila ekseli imeshikwa upande mmoja tu, pau inajipinda kidogo, meno yanaruka, unasikia *tak-tak-tak*. Tiba yake ni kuishika kila ekseli pande zote mbili za gia, kisha kuzifunga pau za pande zote kwa pau nyingine inayopita mbele ya gia. Kwenye difu tumia ile fremu maalumu inayoizunguka pande zote. Ndani ya difu ya kawaida zinaingia gia 3 ndogo za meno 12. Ikikosekana hata moja, difu haifanyi kazi.

Pini nyeusi za LEGO zinabana, za kijivu zinateleza. Fremu ifungwe kwa nyeusi (andaa kama 80), viungo vinavyocheza kwa kijivu. Kwa matofali mengine rangi si kigezo, ijaribu kila pini kwa vidole.

Bushi za ekseli (vipete vidogo vinavyozuia ekseli isichomoke) zisikandamizwe kwenye pau. Acha nafasi ya unene wa karatasi. Kisha, kabla ya kufunga mota, zungusha propela shafti kwa vidole viwili. Ikizunguka laini mwanzo hadi mwisho, endelea. Ikikaza sehemu moja ya mzunguko, kuna ekseli iliyopinda. Ikikaza wakati wote, ni bushi. Usifunge mota mpaka hapa pakae sawa, maana mota yenye nguvu itakuficha tatizo hadi siku itakapotafuna meno.

Ekseli ya nyuma na usukani

Ekseli ya nyuma iache ibembee kulia na kushoto, mhimili wa kubembea ukiwa ni propela shafti yenyewe. Kwa njia hiyo huhitaji krosi (kiungo cha shafti kinachojikunja), na matairi yote manne yanagusa chini hata kwenye mashimo. Ukiondoa gari ghafla ekseli itataka kulala upande mmoja. Weka shokapu mbili fupi kuituliza.

Servo inageuka nyuzi 90 kila upande. Ikiwa na gia ya meno 8 kwenye reki (ufito wenye meno unaosukuma matairi kulia na kushoto), reki inasogea milimita 6.3, kwa mkono wa usukani wa matundu mawili, tairi linakata nyuzi 23 tu, na gari refu kama hili litahitaji uwanja mzima kugeuka. Gia ya meno 16 inatoa zaidi ya nyuzi 50 na tairi litagonga fremu. Itumie hiyo ya 16 kwa mkono wa matundu matatu, upate kama nyuzi 32. Kumbuka kuipandisha nusu tundu kutoka kwenye reki, maana ni kubwa zaidi. Kabla ya kuunganisha servo, iwashe ijirudishe katikati, kisha ndipo uweke matairi sawa. Ukiruka hatua hiyo gari litavuta upande mmoja daima.

Bodi, vumbi na usafi

Boksi la betri likae chini, katikati ya ekseli mbili, na mlango wake ufunguke bila kubomoa chochote. Bodi iwe ya pau na vibao vyembamba. Kila tofali zito unaloliweka kwenye paa linalipindua gari kwenye kona.

Vumbi la Arusha ni laini na hupenya kwenye gia. Usipake grisi wala mafuta, yatalishika vumbi na kulifanya msasa. Vua vipande, vioshe kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, vikauke kivulini. Mota, risiva na boksi la betri vifutwe kwa brashi kavu. Thina na petroli usiviguse, vinaharibu plastiki hii.

Gari likisimama lenyewe mlimani kisha likaamka baada ya dakika moja au mbili, mota haijaungua: ina kinga inayokata umeme ikipata joto. Punguza uzito, au rudi kwenye gia ya meno 12. Likisimama hata kwenye tambarare, vua mota na urudie jaribio la vidole viwili.