Kabla hujanunua dragoni wa lego, mwangalie magoti

Kila ikikaribia Desemba natumiwa picha za maboksi, "anko hili vipi, la maana au tunapigwa?", na mara nyingi ni dragoni, yule joka mwenye mabawa wa kujengwa kwa vitofali vya lego, maana watoto wa siku hizi dragoni wanamjua kuliko mbuzi. Basi wacha niandike mara moja, niwe natuma hii tu.

Kwanza picha ya boksi isikuzuzue. Pale juu yuko hewani, mdomo wazi, bawa moja juu jingine chini, unaona kabisa huyu anapindika kila mahali, ila pozi moja la picha halikwambii kama mengine anayaweza. Dragoni wa kuweka mapozi unayemlipia ni viungo vyake, vitofali vingine vyote ni nyama tu.

Viungo viko vya aina mbili hivi. Kuna cha gololi, kipande kimoja kina kichwa cha duara kama kigololi na kingine kina kikombe, ukiviingiza vinazunguka kila upande. Vile vidogo Lego walivileta 2014 na seti za Mixels, ndo maana siku hizi hata dragoni wa boksi dogo ana shingo ya kupinda. Aina ya pili ni bawaba, inaenda mbele na nyuma tu kama mlango, na zile zenye meno ukizipinda zinalia ka ka ka halafu zinakaa pale pale ulipoziacha. Shingo na mkia vinataka gololi. Lakini bega linalobeba bawa kubwa, mi nikikuta bawaba ya meno roho inatulia.

Sasa magoti. Dragoni wengi wadogo nyonga inacheza, kifundo kinacheza, goti limekufa, mguu mzima umenyooka kama wa meza. Huyo anasimama vizuri tu, ila kuchuchumaa kama anataka kuruka hawezi, kukaa hawezi, na mtoto akishamsimamisha mara tatu mchezo umeisha. Kwa boksi la bei ndogo samehe. Kwa boksi kubwa usisamehe bana, hela yote ile halafu goti hakuna?

Na haya yote unayajua bila kununua, hapa ndo watu wengi hawajui. Kwenye tovuti ya Lego maelekezo ya kujenga yanapakuliwa bure, unaandika namba ya seti iliyoko kwenye boksi unashusha PDF. Usianze ukurasa wa kwanza, nenda kurasa za mwisho, kuna picha ya kila kipande na idadi yake, tafuta vyenye gololi na vyenye kikombe uhesabu, halafu rudi nyuma uone vimefungwa wapi. Chukua seti 31145, yule mwekundu wa 2024, vipande 149, miaka 7 na kuendelea, ukimvunja unajenga samaki au ndege finiksi. Mlinganishe na 31102 wa 2020, vipande 234, ambaye anageuka nge au yule paka mkubwa wa kale mwenye meno kama majambia. Tofauti ni vipande 85, swali la kujiuliza ni vimeenda wapi, kwenye viungo au kwenye magamba ya urembo? Ndo maana ile hesabu ya wakongwe wa lego ya kugawa bei kwa idadi ya vipande, kwamba kipande kisizidi kama senti 10 za Marekani, kwa dragoni siiamini sana, vipande vidogo vya urembo vinajaza idadi haraka mno. Na ukiona boksi limeandikwa tatu kwa moja (3in1) usimwahidi mtoto wanyama watatu mezani, ni mmoja mmoja, kumpata wa pili lazima wa kwanza avunjwe, na kuna mtoto atalia.

Mabawa sasa. Dumu la lita tano ukilishika karibu na kifua halina neno, nyoosha mkono uone bega linavyolalamika, na bawa ndo hivyo hivyo, linavyozidi urefu ndivyo linavyolitesa bega. Kama umepata wa kumshika mkononi, mpandishe bawa hadi lilale sawa na meza, mwachie, hesabu taratibu hadi ishirini. Likishuka lenyewe hapo akiwa mpya, baada ya mwezi mmoja atakuwa kuku aliyenyeshewa. Kisha msimamishe kwa miguu ya nyuma tu. Akianguka mbele, ona kama mkia unaweza kushuka ukagusa chini awe na mguu wa tatu, mkia usiogusa chini kwake ni pambo.

Niliwahi kununua kopi Kariakoo, boksi kubwa, joka jeusi hatari, bei nusu ya nusu. Vitofali vya kawaida vilishikana, tena vingine hadi nilitumia meno kuvitoa (usifanye hivyo), lakini vigololi vilikuwa vinapwaya, feni ikiwashwa bawa linadondoka sakafuni, na kikombe kimoja cha nyonga hakikuwemo kabisa kwenye boksi. Si kwamba kila kisicho Lego ni feki, hataza ya tofali lao la 1958, yaani haki ya kulitengeneza peke yao, ilishaisha zamani, kampuni nyingine zinatengeneza vitofali vinavyoingiliana na ni halali. Ila kiungo ndo mahali pa kwanza ubovu kujitokeza, kwa sababu gololi ikipungua kidogo tu haishiki. Lego halisi utaona jina limechapwa kwenye kila kitufe cha juu, kadogo kabisa, weka kwenye mwanga.

Wa mitumba mi nanunua bila wasiwasi ila namshika tumbo namgeuza kichwa chini miguu juu, natikisa. Kinachoning'inia kimechoka, kinachodondoka kimekufa. Vikombe viangalie midomo, ufa ni mstari mweupe mwembamba, kikishapasuka hicho basi. Nyumbani osha kwa maji vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni, usitumbukize maji ya chai, na ukimaliza usimwanike juani.

Mwenye mtoto chini ya miaka 3 ndani, tafuta mdoli mwingine tu. Kile kigololi kinapita kooni.

Wa mpwa wangu sasa hivi anaishi juu ya jokofu, tumempinda mkia ukaning'inia mlangoni, na kila asubuhi naamka nakuta kawekwa pozi jingine. Jana alikuwa kachuchumaa, goti hadi kifuani, anaiangalia sufuria ya wali.