Kusafisha bunduki ya kale ya bolti baada ya risasi zenye chumvi

Bunduki ya bolti (komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu kwa mkono) kama Mosin-Nagant, Lee-Enfield au Mauser iliyopita katika vita mbili bado inaweza kulenga shabaha vizuri, halafu ikaharibiwa na mwenyewe kwa wiki moja. Nimeshika bunduki ambazo mbao zake zinang'aa na namba zote zinalingana, lakini ukichungulia ndani ya mtutu unakuta vishimo vya kutu tangu chemba, pale nyuma inapokaa risasi, hadi mdomoni. Mara nyingi mwenyewe alikuwa amesafisha. Alitumia mafuta peke yake.

Elewa kwanza adui ni nani. Fataki, yaani kidonge cha kulipulia kilicho kitakoni mwa risasi, katika risasi nyingi za zamani za kijeshi zina potasiamu klorati. Ikilipuka inaacha potasiamu kloridi, chumvi iliyo ndugu wa hii ya mezani. Chumvi hiyo inatanda ndani ya mtutu na kuvuta unyevu wa hewani, na chuma kinaanza kuliwa. Chumvi haiyeyuki katika mafuta. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu. Dawa yake ni maji. Wapo wanaosema amonia inaua chumvi. Amonia huyeyusha shaba ya risasi iliyobaki kwenye mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, basi. Kinachoondoa chumvi katika mchanganyiko ule ni maji yaliyomo.

Kama hujui risasi zako ni za aina gani, zichukulie kuwa zina chumvi. Risasi za akiba ya jeshi za enzi za Usovieti nyingi ziko hivyo hata kama kopo lilikuwa limefungwa na maganda yanameremeta.

1. Hakikisha bunduki ni tupu. Fungua bolti, tazama chemba na magazini, kisha ingiza kidole uguse. Risasi zote zikae chumba kingine.

2. Toa bolti. Kwenye Mosin, ivute nyuma huku umebana kifyatulio. Kwenye Mauser, vuta nje kizuizi kilicho upande wa kushoto. Lee-Enfield inataka kichwa cha bolti kiinuliwe kwanza. Kichwa hicho usikibadilishe na cha bunduki nyingine: katika toleo la No. 4 kina namba, 0 hadi 3, kwa sababu urefu hutofautiana na ndio unaoamua nafasi iliyopo nyuma ya risasi.

3. Mimina maji ya moto. Hapa usifanye haraka. Chemsha birika, simamisha bunduki mdomo wa mtutu ukiwa chini ndani ya ndoo, na mimina kupitia chemba kwa faneli yenye mpira mwembamba unaoingia hadi ndani. Waingereza walikuwa na faneli maalumu kwa kazi hii. Bila mpira, maji yatamwagika kwenye magazini na kupenya chini ya mbao, ambako hutayaona, na huko ndiko kutu huanza kimyakimya. Nusu lita hadi lita moja inatosha. Maji baridi nayo huyeyusha chumvi, lakini ya moto hupasha chuma, na unyevu unaobaki hukauka wenyewe. Shika kwenye mbao, tena kwa kitambaa, maana mtutu utaunguza.

4. Kausha. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa. Ufito uingie kutokea upande wa chemba. Bunduki hizi tatu zote zinaruhusu hivyo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanzia mdomoni. Mosin nyingi zilitobolewa upya mdomoni na karakana za jeshi kwa kuwa fito za chuma zilikuwa zimekula mifereji pale, na pale ndipo risasi inapoagana na mtutu. Mwisho ukilika, shabaha inatawanyika. Chemba ni pana kuliko mtutu, hivyo ikaushe peke yake kwa kitambaa kinene kwenye kijiti.

5. Osha bolti. Wengi huisahau. Gesi ya fataki hugonga uso wa bolti na nyingine hupenya tundu la pini inayogonga fataki. Ifungue, osha sehemu zake kwa maji ya moto, kausha, paka mafuta kidogo. Bolti ya Mosin hufunguka bila kifaa chochote, ila ukiirudisha pima pini imechomoza kiasi gani. Kifaa chake cha asili kina mapengo mawili: kwenye pengo la 95 ncha ipite bila kugusa, kwenye la 75 iguse. Ikichomoza kupita kiasi inaweza kutoboa fataki na gesi ikarudi usoni pako. Kwa Lee-Enfield, kaza kichwa mpaka mwisho wa skrubu, kisha kirudishe nyuma kidogo tu mpaka kilingane na mbavu ya bolti.

6. Ondoa masizi na shaba. Sasa ndipo dawa ya kawaida ya kusafishia na brashi ya shaba zinapoingia. Kazi hii inaweza kungoja hadi kesho. Maji hayangoji, yafanyike siku ileile uliyopiga.

7. Paka mafuta membamba. Utando tu. Kabla ya kupiga tena, futa yote kwenye mtutu na hasa kwenye chemba. Ganda likilipuka ndani ya chemba kavu hushika kuta. Chemba ikiwa na mafuta, ganda huteleza nyuma na mzigo wote huangukia bolti na ndimi zake zinazoifunga, chuma chenye umri wa miaka themanini au zaidi.

Baada ya siku mbili au tatu pitisha kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka na rangi ya kahawia nyekundu, rudi hatua ya 3 na uanze tena na maji. Kikitoka cheupe, rudia ukaguzi huo baada ya wiki, kisha iweke bunduki kabatini kwa kufuli, nje ya mfuko wa turubai, kwani turubai nalo hutunza unyevu.