Ukinunua hema la watu wawili
Hema lililoandikwa "watu wawili" mara nyingi huwatosha wawili wanaopendana sana. Mkeka wa kulalia una upana wa sentimita 50 hivi, kwa hiyo sakafu ikiwa chini ya 130, mabegi yatalala nje. Kwa kubeba mgongoni, usivuke kilo 2.5; mkigawana, mmoja turubai mwenzake fito, wala hamtausikia uzito. Bei ikibana, achana na mbwembwe za mifuko na madirisha, lakini usibane kwenye kifuniko cha mvua: kishuke hadi karibu na ardhi, mishono yake iwe imezibwa kwa utepe. Mahema mengi ya bei rahisi hufunikwa kileleni tu, na mvua ya Mlima Kenya huja kwa ubavu. Fito chagua za alumini. Za faiba hupasuka na kuacha vibanzi vinavyochoma vidole.