Kabla Hujafungua Chupa ya Wino wa Fedha

Wino uwe kitu cha mwisho kununua. Karibu kila anayetaka kuchapa saketi kwenye plastiki au karatasi huanzia hapo: analeta chupa, anaitia kwenye friji, ndipo anakumbuka kutafuta printa. Huku nyuma siku za wino zinahesabika, chembe za fedha zilizomo zinatuama chini. Na fedha ninayoizungumzia ni yale madini, ingawa ile ya mfukoni nayo itakutoka. Chupa ndogo yaweza kuizidi bei printa utakayoitumia.

Kwanza elewa mstari uliochapwa kwa wino huu unavyoanza kupitisha umeme kama waya, maana maandalizi yote yanatoka hapo. Kipande cha fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto 962 za sentigredi, joto ambalo hakuna plastiki italihimili. Lakini ikishakuwa chembe za makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), huanza kushikana kwenye nyuzi 150 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Tatizo ni kwamba ndani ya chupa kila chembe imevikwa utando ili zisigandamane, na utando huohuo unazuia umeme. Mstari uliotoka kwenye printa sasa hivi, hata uwe mzuri vipi kwa macho, haupitishi kitu mpaka utando uondoke na chembe zigusane. Utauondoa kwa joto au kwa kemikali. Amua mapema, kwa sababu uamuzi huo ndio unaokuchagulia karatasi.

Ukichagua joto, ijue plastiki yako. PET, ile inayotengenezea chupa za maji, huanza kulegea kati ya nyuzi 70 na 80, na ukiipandisha kupita 120 filamu ya kawaida husinyaa. Mara yangu ya kwanza niliweka karatasi ya PET kwenye oveni ya jikoni, nikazungusha kitufe hadi 130, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imejikunja kama gome la mdalasini, mistari yote imekatikakatika. Baadaye nilitumbukiza kipimajoto mle ndani: kitufe kinasema 130, karibu na waya wa moto panasoma 170. Oveni ya keki haikuahidi zaidi ya keki. Kwa hiyo tafuta kipimajoto chako mwenyewe, kiweke pale pale karatasi itakapolala, na uioke karatasi tupu kwanza kabla ya kuchapa chochote. Isinyae mapema ikiwa bado haijabeba wino wako.

Plastiki nyingine, poliimidi, haina shida hizi, huvumilia hata nyuzi 300. Mafundi simu wanaijua: ni ile tepu ya rangi ya kaharabu wanayofunikia vipuri wakipuliza hewa ya moto. Ubaya wake ni bei, na haionyeshi ng'ambo kama PET.

Njia ya kemikali naipenda zaidi kwa anayeanza. Mwaka 2010 Shlomo Magdassi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hebrew, Jerusalem, walionyesha kwamba chembe za fedha zinaweza kuunganishwa bila kupashwa moto, kwa kuzikutanisha na polima (kemikali ya minyororo mirefu ya molekuli) yenye chaji chanya. Baadaye kikosi hicho kilitumia kloridi ya sodiamu, yaani chumvi, kuufanya wino ujiunganishe wenyewe unapokauka. Mwaka 2013 Yoshihiro Kawahara wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake wakatumia printa za kawaida za nyumbani na karatasi ya picha ambayo mipako yake inamaliza kazi yenyewe. Wino unakauka na umeme unapita, hakuna oveni. Ila si kila karatasi inayong'aa ina mipako hiyo. Nunua aina tatu au nne kwa vipande vichache, chora mstari mmoja kwenye kila moja, pima. Jaribio hilo linakula matone, si chupa.

Sasa printa. Ziko zinazochemsha wino ili kurusha tone, na ziko zinazolisukuma kwa kipande cha piezo kinachojikunja kikipewa umeme. Epson na Brother hutumia piezo. HP na Canon za nyumbani huchemsha. Chukua ya piezo, kwa sababu wino hizi nyingi zimetengenezewa hiyo, na kuuchemsha wino wenye chembe za fedha ndani ya tundu linalorusha matone ni kualika uchafu. Katriji ziwe mpya na tupu, zisizowahi kuonja wino wa rangi. Na usijidanganye kwamba baadaye utairudishia kazi ya kuchapa barua. Printa hiyo imeshaolewa.

Kuziba kwa matundu ndiko kunakoua printa hizi. Kanuni wanayoifuata wachapaji ni kwamba chembe isizidi sehemu moja ya hamsini ya upana wa tundu: tundu la mikromita 20 (mikromita moja ni nanomita 1,000), chembe isizidi nanomita 400. Wino mzuri uko chini kabisa ya hapo, lakini madonge yaliyojikusanya chupani hayako. Ibingirishe chupa taratibu mezani kwa dakika kadhaa (ukiitikisa kama dawa ya kikohozi utapata mapovu, nayo povu huziba kama donge), kisha uvute kwa sindano yenye chujio la mikromita 0.45.

Piga hesabu ya ukinzani, yaani kiasi mstari unavyouzuia umeme, kabla ya kuchora; hupimwa kwa omu. Gawanya urefu wa mstari kwa upana wake, upate idadi ya miraba. Mstari wa sentimita 10 wenye upana wa milimita 1 ni miraba 100. Kama tabaka lako lina omu 0.2 kwa kila mraba, mstari mzima ni omu 20. Taa ya LED inayovuta miliampia 10 itapoteza volti 0.2 njiani, haitalalamika. Mota inayotaka miliampia 500 ingepoteza volti 10, na wewe una chaja ya volti 5. Panua mstari, au pitisha tabaka mbili tatu. Multimita ya kawaida, kile kipimo cha umeme cha mafundi, itakudanganya kwenye omu ndogo kwa kuwa waya zake zenyewe zina ukinzani. Gusanisha ncha zake kwanza, usome, uitoe namba hiyo.

Usipange kulehemu. Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hulamba fedha nyembamba mpaka iishe, na chini yake PET inajikunja. Andaa gundi inayopitisha umeme au tepu ya aina hiyo. Kama saketi itakunjwa, panga mistari iwe upande wa ndani wa mkunjo, kwani ikivutwa hupasuka upesi kuliko ikibanwa. Na ukiwa pwani, ifunike: unyevu pamoja na volti huihamisha fedha kutoka mstari mmoja hadi jirani, mpaka ikapiga shoti.

Weka pia glavu za nitrili na chupa tupu yenye lebo. Maji ya kusafishia kichwa cha printa yaingie humo, yasiende kwenye sinki, kwa kuwa fedha ya aina hii ni sumu kwa viumbe wadogo wa majini.