Kabla ya Kununua Meza: Maandalizi ya Ofisi ya Nyumbani Dar es Salaam

Anayekusudia kufanyia kazi nyumbani jijini Dar es Salaam mara nyingi huanza kwa kutafuta meza na kiti, ilhali vitu hivyo vinaweza kungoja. Yatangulie mambo ya chumba na umeme wake, kwa kuwa kasoro za hapo haziondolewi na samani, hata ziwe za bei gani.

Kabla hujakichagua chumba, kaa ndani yake alasiri. Jua la kuanzia saa nane mchana hupenya dirisha la magharibi kwa mshazari, na pazia haliwezi kuliondoa joto ambalo kioo kimekwisha kulipitisha. Chumba chenye dirisha la kaskazini au kusini hufaa zaidi, maana kwa pande hizo jua la mchana hupita juu sana na upenu mfupi hutosha kulizuia. Meza nayo ikae ili dirisha liwe ubavuni mwako. Likiwa nyuma, mwanga huakisiwa kwenye skrini, na likiwa mbele, macho huchoka mapema.

Kuhusu umeme, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, akague soketi na hasa waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, kwani katika nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu lakini ethi haikuunganishwa popote. Kisha piga hesabu ya siku umeme utakapokatika. Kompyuta mpakato hutumia takriban wati 60, ruta 10, taa ya LED 10 na feni ya mezani 40, jumla wati 120. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ila betri ya madini ya risasi na asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, nayo hupoteza kiasi, kwa hiyo utarajie kazi ya saa nne hivi. Ndiyo sababu nashauri fedha ya kwanza iende kwenye betri na inveta. Anayetumia kompyuta ya mezani awe pia na UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme papo hapo unapokatika, kwa kuwa mashine hiyo haina betri ndani, na umeme ukikatika ghafla kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Intaneti ijaribiwe ndani ya chumba chenyewe, mlango ukiwa umefungwa, katika saa utakazofanyia kazi. Nguvu ya mtandao barazani haikuambii lolote kuhusu chumba cha nyuma. Uwe na laini ya simu ya kampuni nyingine yenye bando, kwa siku ambayo ile ya kwanza itazimika.

Samani zenyewe hazihitaji maelezo marefu: meza yenye kimo cha sentimita 72 hadi 75, kiti kinachoegemeza kiuno huku nyayo zikigusa sakafu, na ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho.

Yabaki makubaliano na watu wa nyumbani, ambayo yafaa yafanywe kabla ya siku ya kwanza ya kazi: mlango ukifungwa una maana gani, nani atampokea mgeni akibisha hodi, na nani ataangalia salio la LUKU kila jioni ili uniti zisiishe katikati ya kikao cha asubuhi.