Somo: Kuhesabu miaka ya kuishi pamoja na uzima wake

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mmenidai hesabu hii tangu tulipoonana Moshi mjini: mtu ana miaka mingapi ya kuishi, na mingapi kati yake ataishi akiwa mzima. Hesabu yenyewe ni nyepesi, shida iko mlangoni kwa watu.

Hatua ya 1: Dodoso. Mimi natumia EQ-5D-5L ya kundi la watafiti la EuroQol, lililoanza 1987. Inauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kila jambo lina ngazi tano, hivyo hali zinazowezekana ni 3,125. Mwisho mtu anaipa afya yake ya leo alama, 0 hadi 100. Toleo la Kiswahili lipo. Omba kibali, na maneno yake usiyaguse.

Hatua ya 2: Mlangoni. Hapa ndipo kazi huharibika. Kule Kibosho nilimwamkia bibi mmoja, "Shikamoo bibi, hujambo?" Akajibu, "Marahaba, sijambo." Mdadisi niliyekuwa naye tayari alikuwa amebonyeza "hana tatizo". Bibi ameketi kwenye kigoda, ndoo tupu miguuni. Nikauliza nani anashuka mfongoni (kwenye mfereji wa maji) kuchota maji. Akamnyooshea mjukuu fimbo: "Huyo. Mimi tangu masika sijashuka."

Ile sijambo ilikuwa adabu tu. Kwa hiyo maliza salamu zote, za watoto hadi za ng'ombe, kaa, ndipo ufungue kishikwambi. Swali la mfongo liwe la nyongeza, liulizwe baada ya dodoso.

Na siku ya soko usiende! Wazima wote wameshuka na ndizi zao, utawakuta waliolala ndani, urudi na takwimu za kijiji kizima hoi.

Hatua ya 3: Vifo. Kwa kila kundi la umri, gawanya vifo vya mwaka kwa idadi ya watu, kisha ujenge jedwali la maisha, yaani jedwali linaloonyesha kwa kila umri wangapi wanabaki hai na wana miaka mingapi mbele. Programu yoyote ya majedwali inatosha.

Hatua ya 4: Njia ya Sullivan, ya mwaka 1971, inayounganisha jedwali na dodoso. Tuseme (namba ni za mfano) watu 1,000 wamefika miaka 60. Kati ya 60 na 69 wataishi jumla ya miaka 9,000. Kati ya 70 na 79, miaka 6,500. Kuanzia 80, miaka 4,500. Jumla 20,000, yaani 20 kwa kila mtu. Sasa dodoso linasema wasio na kizuizi, yaani wanaofanya shughuli zao bila shida, ni asilimia 80, 60 na 40 kwa makundi hayo matatu. Zidisha: 7,200, 3,900, 1,800. Jumla 12,900. Katika ile miaka 20, ya uzima ni 12.9 tu. Hiyo 7.1 iliyobaki ndiyo miaka ya kutuma mjukuu.

MASWALI

Njiro, Arusha: Mwalimu, wastani wa kuishi nchini haufiki 70. Baba ana 74, ina maana kapitiliza?
Hapana, ndugu yangu. Wastani ule ni tangu kuzaliwa, na vifo vya watoto huuvuta chini. Mmoja akifa mchanga na mwingine akafa na 80, wastani ni 40, na hakuna aliyekufa na 40. Baba yako msomee mstari wake wa 74 kwenye jedwali la maisha, bado ana miaka mbele.

Himo: Si tuchukue tu sensa?
Sensa inakupa watu. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Lakini hesabu inataka na vifo, na vingi vya nyumbani haviandikishwi. Ndiyo maana wilayani Hai, kuanzia 1992, wadadisi walifuata familia zilizofiwa na kuuliza dalili za marehemu. Na kwa kata moja, unganisha miaka kadhaa, maana vifo vichache huyumbisha namba.

Usa River: Mtoto akimjibia mzazi?
Kutembea anakuona, maumivu haoni. Binti wa yule bibi aliapa mama haumwi popote. Muulize mwenyewe. Ikishindikana, weka alama kuwa kajibiwa.